Simu Nzito? Angalia Nafasi Kabla ya Kulaumu RAM

Kwenye meza za mafundi simu pale Ngamiani, Tanga, ombi la kila siku ni "niongezee RAM, simu imekuwa nzito." RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi, haiongezwi kwenye simu. Imeungwa kwenye bodi tangu kiwandani, na kuibadilisha ni kazi isiyolingana na thamani ya simu nyingi tunazotumia. Halafu mara nyingi si RAM inayosumbua. Ingia Mipangilio, fungua Hifadhi, yaani panapokaa picha, video na programu zako, usome namba mbili: ukubwa wote na kiasi kilichobaki. Simu ya GB 32 iliyobakiwa na MB 700 itaganda hata kama ina RAM ya GB 4.

Sababu iko kwenye chipu ya kuhifadhia. Chipu hii huandika kwenye kurasa ndogo ndogo, lakini hufuta kwa bloku nzima yenye kurasa nyingi. Nafasi ikiwepo, bloku tupu zinakuwa tayari na maandishi yanaingia papo hapo. Ikijaa, chipu inalazimika kwanza kuhamisha data inayotumika kutoka bloku moja kwenda nyingine, ifute ile ya zamani, ndipo iandike jipya. Ni kama stoo ya soko la Mgandini iliyopangwa magunia hadi mlangoni: ili kuingiza gunia moja lazima utoe matano nje. Na Android inaandika muda wote, meseji ikiingia, status ikifunguka, kibodi ikihifadhi neno jipya. Kila kimoja kinapanga foleni, na wewe unachokiona ni kibodi iliyochelewa kutokea au WhatsApp iliyobaki nyeupe. Simu za bei nafuu nyingi zinatumia chipu za aina ya eMMC, ambazo ni za polepole kuliko UFS za simu za bei ya juu, kwa hiyo foleni hiyo inaumiza zaidi.

Lengo liwe kubakiza asilimia 15 hadi 20 ya hifadhi ikiwa tupu. Kwa simu ya GB 32 hiyo ni GB 5 hadi 6, kwa ya GB 64 ni kama GB 10 na zaidi. Usishangae kuona nafasi ni ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye boksi, maana mfumo wenyewe na programu za kiwandani huchukua GB 10 au zaidi kabla hujapiga picha hata moja.

Mlaji mkubwa ni WhatsApp

Mtu mmoja mjini hapa anaweza kuwa kwenye kundi la ukoo, la kikoba, la kamati ya harusi, la wazazi wa madrasa na la mashabiki wa Coastal Union. Ijumaa toka alfajiri zinamiminika picha za "Ijumaa Karim" zenye maua na taa. Picha hizo si tatizo kubwa, kwa sababu WhatsApp huzibana na nyingi hazifiki MB 1. Tatizo ni video. Chukua kundi moja linaloleta video 10 kwa siku, kila moja MB 8: hiyo ni MB 80 kwa siku, karibu GB 2.4 kwa mwezi, na hapo ni kundi moja tu. Bando limekwenda na nafasi imekwenda, hata kama hukuifungua video yoyote.

Ndani ya WhatsApp bonyeza nukta tatu, ingia Mipangilio, kisha Hifadhi na data, kisha Dhibiti hifadhi. Juu kabisa utaona makundi mawili yaliyokwisha kupangwa: faili zilizosambazwa mara nyingi na faili zinazozidi MB 5. Anza na zilizosambazwa, maana humo ni nadra kukuta kitu cha kwako. Hizo za zaidi ya MB 5 zipitie kwa macho, kwa sababu ndimo zinamokaa video za harusi na nyaraka za kazi. Ukiambiwa faili ina nakala zaidi ya moja, futa nakala zote, vinginevyo nafasi hairudi. Chini yake kuna orodha ya mazungumzo kuanzia linalokula zaidi, na mara nyingi makundi mawili au matatu ya juu ndiyo yanayobeba karibu mzigo wote.

Kuna sehemu ambayo wengi hawaifikii. Ukituma video kutoka kwenye galari, WhatsApp hutengeneza nakala yake ya pili na kuiweka kwenye folda ya Sent. Kwa hiyo video moja ya mwanao kwenye maulidi inakaa mara mbili. Fungua programu ya kusimamia faili, ingia hifadhi ya ndani, fuata Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Video, na humo utaikuta Sent. Kwenye simu za zamani folda ya WhatsApp iko mwanzoni kabisa mwa hifadhi. Ukishahakikisha video ya asili ipo kwenye kamera, za ndani ya Sent zifute, ila ujue kwamba kwenye mazungumzo hazitafunguka tena.

Jirani na Media kuna folda ya Databases. Humo WhatsApp huweka nakala ya mazungumzo yako kila usiku na hubakiza za siku chache zilizopita. Zile zenye tarehe kwenye jina unaweza kuzifuta. Ile isiyo na tarehe, inayoanza na msgstore.db, iache ilivyo, kwani ndiyo nakala yako mpya kabisa. Kwa mtu mwenye mazungumzo ya miaka mingi, folda hii peke yake inaweza kurudisha GB 1 au zaidi.

Kisha funga bomba. Rudi WhatsApp kwenye Hifadhi na data, uangalie sehemu ya kupakua faili zenyewe. Kwa data ya simu ondoa tiki zote. Kwa Wi-Fi acha picha tu. Sauti za kurekodi zitaendelea kuingia zenyewe, na si nzito. Usidanganyike na ile swichi ya kuonyesha faili kwenye galari. Ukiizima, picha hazionekani kwenye galari, lakini bado zimo na bado zinakula nafasi.

Umefuta na namba haijabadilika?

Angalia pipa la taka. Galari nyingi huweka picha ulizofuta kwa siku 30. Google Photos huziweka siku 60 kama zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, na kwa nyingine ni siku 30. Zinabaki kwenye simu hadi utakapoingia humo na kulimwaga pipa lenyewe.

Hapa kwenye Google Photos kuna jambo linalowaliza watu, tafadhali lishike. Ukifuta picha kwa njia ya kawaida ndani ya programu hiyo, inafutika kwenye simu na mtandaoni pia. Ukitaka kuondoa nakala ya simu peke yake, bonyeza picha yako ya wasifu juu kulia na utumie chaguo la kupata nafasi kwenye kifaa hiki. Hilo hufuta tu zile zilizokwisha kupanda mtandaoni. Nafasi ya bure ya akaunti ni GB 15, nayo inagawanywa kati ya picha, barua pepe na nakala za WhatsApp.

Telegram husahaulika kabisa. Kila filamu au mhadhara ulioutazama kwenye chaneli unaweza kubaki kwenye simu. Ingia Mipangilio yake, Data na Hifadhi, futa akiba yote (cache, yaani faili za muda), halafu uweke muda wa kujifuta, kwa mfano siku 3 au wiki 1. Hupotezi kitu, kwani faili zinabaki kwenye seva zao na unaweza kuzipakua tena. TikTok nayo ina sehemu ya kupunguza nafasi ndani ya mipangilio yake.

Meseji za kawaida, za M-Pesa, za LUKU, za matangazo, hazijazi hifadhi. Zikiwa maelfu zinachelewesha tu kufunguka kwa programu ya meseji. Futa za matangazo, na za malipo unayoweza kuulizwa siku moja zibakize.

Futa akiba, usifute data

Ukienda Mipangilio, Programu, ukachagua programu moja na kuingia sehemu yake ya hifadhi, utaona vitufe viwili. Kwenye simu iliyowekwa Kiingereza vimeandikwa Clear cache na Clear data, au Clear storage. Cha kwanza kinafuta faili za muda ambazo programu itazitengeneza tena. Hakina madhara, ila mara ya kwanza ukifungua itachukua muda na bando kidogo. Cha pili kinairudisha programu kama siku uliyoiweka. Kwa WhatsApp maana yake ni kupoteza mazungumzo yote ambayo hayakuwekewa nakala. Kwa programu ya benki au ya pesa za simu utaanza usajili upya. Kufuta akiba nako si kazi ya kila siku. Inatosha kwa programu zilizovimba, kama kivinjari na Facebook, nafasi inapobana.

Memori kadi inasaidia kwa muziki, kaswida, video na picha za kamera. Kwenye mipangilio ya kamera chagua kuhifadhi kwenye kadi, na kama video zako ni za kuonyesha samaki kwa wateja pale soko la samaki la Deep Sea, zipunguze ubora kutoka 1080p hadi 720p, maana dakika moja ya 1080p hula takriban MB 100 au zaidi. Programu usizihamishie kwenye kadi ya polepole. Zitakuwa nzito kuliko mwanzo. Kama ni lazima, tafuta kadi yenye alama ya A1 au A2. Simu ikikuuliza kama unataka kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, kataa, kwa sababu itafungwa kwa simu hiyo pekee na ukiihamishia nyingine haisomeki. Jihadhari pia na kadi za bandia zinazojitambulisha kuwa GB 128 wakati ndani zina 8. Zinapokea kila unachoweka, na faili za mwisho zikifunguliwa ni mbovu. Kabla hujaiamini, ipime kwenye kompyuta ya Windows kwa programu ya bure inayoitwa H2testw. Inaijaza kadi hadi mwisho, halafu inasoma yote ilichoandika.

Sasa RAM yenyewe

Ikiwa nafasi ipo na simu bado inavuta miguu, ndipo tuzungumzie RAM. Simu yenye RAM ya GB 2 ina uwezo wa kubeba programu mbili tatu kwa raha. Ondoa zinazofanya kazi chinichini bila faida: picha za ukutani zinazotembea, kibodi za mapambo, vitufe vinavyoelea, WhatsApp za kuchakachuliwa ambazo juu ya kula RAM zinaweza kukufungisha akaunti. Michezo na programu za habari zilizokuja na simu, zisizokubali kuondolewa, zizime. Badilisha Facebook kwa Facebook Lite. Mtu mwenye simu ya GB 2 akifanya hayo mawili matatu tu, ataona tofauti siku hiyo hiyo.

Programu zinazojiita visafishaji na viharakishi, zitoe kabisa. Android yenyewe huondoa programu kwenye RAM inapohitaji nafasi, na hiyo ndiyo kazi iliyotengenezwa kuifanya. Kisafishaji kinaua programu, nazo nyingi zinajiwasha tena baada ya muda mfupi, na kule kujiwasha kunakula betri na nguvu ya prosesa. Vingi vinaleta matangazo juu. Tabia ya kufagia programu zote za karibuni kila baada ya dakika tano ina hasara ile ile.

Ile RAM ya nyongeza inayotangazwa kwenye simu mpya ni kipande cha hifadhi kinachotumiwa badala ya RAM. Kwenye simu iliyojaa yenye eMMC inazidisha foleni. Jaribu kuizima, uwashe simu upya, ulinganishe.

Kuna njia ya kupunguza kusubiri kwa macho. Ingia Kuhusu simu, gonga mara 7 kwenye nambari ya toleo la mfumo, ile iitwayo Build number, hadi uambiwe umekuwa msanidi (developer, mtengeneza programu). Kwenye chaguo za wasanidi tafuta mistari mitatu ya uhuishaji (animation scale) na kila mmoja uweke 0.5x. Simu haijaongezeka nguvu, lakini kurasa zinafunguka bila madoido marefu. Mengine humo usiyaguse.

Joto nalo lina sehemu yake. Prosesa ikipata moto hujipunguza kasi yenyewe. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya daladala mchana wa Januari, au inayochajiwa huku inacheza video ndani ya kava nene, itakuwa nzito hata ikiwa tupu. Itoe kava na uiache kivulini.

Kuirudisha kiwandani kuwe hatua ya mwisho, na kabla ya hapo hakikisha mambo matatu. Nakala ya WhatsApp iwe imepanda mtandaoni leo hii; majina ya simu yawe kwenye akaunti ya Google na si kwenye simu; na nenosiri la akaunti hiyo uwe unalijua kwa uhakika. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa njia ya dharura, yaani kwa vitufe vya pembeni na si kupitia Mipangilio, huomba akaunti ya mwanzo kabla ya kufunguka, na wanaofunguliwa akaunti na mtu mwingine siku ya kununua simu ndio wanaokwama hapo.

Ikiwa baada ya kufutwa, kabla hujaweka programu hata moja, bado inaganda, basi ni chipu iliyochoka au kasoro nyingine ya bodi. Kwenye simu ya bei ya chini gharama ya kubadilisha chipu hailipi. Ukienda dukani kununua nyingine, dai angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, uhakikishe hiyo RAM ni ya kweli na si iliyojumlishwa na ya nyongeza, na kama zipo mbili za bei moja, chukua yenye UFS.