Iron Maiden jukwaani: uanze na ipi?

Mdogo wangu wa Kamalondo, unauliza ukitaka kuwasikia Iron Maiden, bendi ya heavy metal ya Uingereza, jukwaani, mega zako za intaneti uzimalize kwenye albamu ya Live After Death ya 1985 au ya Rock in Rio. Anza na ile ya zamani, bila wasiwasi. Nyimbo zake nyingi zilirekodiwa Long Beach, California, na sauti ya Bruce Dickinson inakwaruza kidogo kwa uchovu wa safari. Mimi napenda hivyo hivyo, huyo ni mtu anayeimba kweli. Sikiliza “Rime of the Ancient Mariner”, zaidi ya dakika 13: katikati kila kitu kinatulia, besi ya Steve Harris inatembea taratibu, halafu bendi nzima inalipuka. Tafadhali vaa ekuta (spika za masikioni), spika ya simu inaimeza besi yote.

Rock in Rio, iliyorekodiwa Januari 2001, ina magitaa matatu, na kwenye “Fear of the Dark” umati unaimba hadi melodi ya gitaa. Sisi tuliolelewa na sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea kwenye muziki wa Kongo, tunaielewa hiyo mara moja.

Ukinunua CD ya Live After Death, hakikisha ina nyimbo za Hammersmith, London. Matoleo ya kwanza ya CD yaliziacha.