Barua kwa mwanangu: kijumba kipya kina hesabu zake

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifika na picha zote nimeziona. Unasema tangu ulipokiuza kile kijumba cha mbao, ukapandisha hiki cha Japani juu ya pikapu na kuhamia humo moja kwa moja, mambo matatu yanakukosesha usingizi: gari inayumba kila ukikata kona, umeme unazimika usiku wa pili kabla ya alfajiri, na chini ya godoro pameota ukungu. Mwisho umeniuliza kama ulikosea kukiuza cha zamani.

Hukukosea, mamaangu. Ila umehamia kwenye kipya na mazoea ya cha zamani. Kile kilikuwa chepesi, kina nyufa za kupitisha upepo, na umeme wake ulikuwa taa mbili na simu. Hiki ni kizito, kimezibwa barabara, na kimejaa mitambo. Yale uliyokuwa ukiyakadiria kwa jicho, sasa yapime.

Nianze na gari, maana hilo ndilo linaloweza kukuondolea roho. Tafuta kibao chenye uzito wa mwisho wa gari, ama kwenye nguzo ya mlango wa dereva ama ndani ya boneti, au tazama kwenye kadi ya gari. Tuseme ukomo ni kilo 2,900, na pikapu tupu yenye tangi la mafuta lililojaa na wewe ndani ni 2,000. Una nafasi ya 900. Kijumba peke yake, kikavu, kama kilivyotoka kiwandani, 520. Maji lita 80 ni kilo 80. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unakaribia 30, kwa sababu chuma chake nacho kina uzito. Betri 13, friji 20, nguo na vyombo na chakula 100, na shoga yako anayekusindikiza kazini 70. Hapo ni 833. Umebakiwa na 67, na zana za kazi bado hujazitia. Hii ni mifano yangu. Namba zako mwenyewe utazipata kwenye mizani ya magari. Pima gari ikiwa imepakia kila kitu, na uipime ekseli ya mbele mbali na ya nyuma mbali.

Sasa lile sanduku la zana na madumu mawili uliyoyafunga nje, nyuma ya mlango. Nimeliona kwenye picha na halikunipendeza hata kidogo. Chukua kuwa mzigo ule ni kilo 60 na umekaa mita moja na nusu nyuma ya ekseli, na baina ya ekseli mbili za gari pana mita tatu. Gari inageuka kuwa mtambo wa kunyanyulia: ekseli ya nyuma haielemewi na 60 bali na 90, na zile 30 za ziada zinatolewa kwenye mipira ya mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na breki za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa, zinapungukiwa na mshiko. Litoe leo. Vizito vikae chini, karibu na kichwa cha gari. Vile vya juu ya paa na vya kabati za juu viwe nguo na vyombo vya plastiki tu. Tazama pia ubavuni mwa kijumba. Vingine hutiwa alama ya kitovu cha uzito, na ikiwepo, alama hiyo lazima iangukie mbele ya ekseli ya nyuma.

Ukishahamisha mzigo ndipo utazame mipira. Ubavuni pana namba ya uwezo: 104 maana yake kilo 900 kwa mpira mmoja, 112 ni kilo 1,120. Ikiwa ekseli ya nyuma imepima 1,700, kila mpira unabeba 850, na huo wa 104 unafanya kazi ukingoni kabisa, tena juu ya lami ya moto. Weka ya 112 au zaidi. Upepo upime asubuhi kabla gari haijatembea, kwa sababu mpira ukipata moto namba hupanda ikakudanganya.

Mafundi watakwambia uongeze bapa za springi au utie mito ya upepo. Mito hiyo inainua mkia wa gari uliolala, na ni kitu kizuri, lakini haiongezi hata kilo moja kwenye ukomo wa kibao. Ekseli, beringi na breki ni zile zile. Kabla ya kununua mito, angalia shokapu kama zinavuja, na ile minyororo minne inayokifunga kijumba. Kikae juu ya mkeka wa mpira ili kisiteleze, kaza minyororo sawa kwa sawa, kisha simama baada ya kilomita kumi za mwanzo ukaze tena, maana kijumba kinaposhuka mahali pake minyororo hulegea. Kijumba kilicholegea huyumba peke yake juu ya gari, na dereva hudhani ni springi.

Umeme. Hapa ndipo ulipokwenda mbali zaidi, na si kwa uzembe. Friji ya volti 12 inavuta kama wati 45 inapounguruma, na kwa joto letu inaunguruma karibu nusu ya siku: 45 mara saa 12 ni wati-saa 540. Feni ya usiku kucha 200. Kompyuta 200. Taa na simu 60. Jumla 1,000. Halafu ipo inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ambayo kijumba cha zamani hakikuwa nayo. Umeniandikia kuwa huizimi. Inveta iliyowashwa bila ya kazi yoyote hula wati 15 hivi, na mara saa 24 ni 360, kuliko feni na taa zako pamoja. Umefika 1,360. Paneli yako ya wati 200, kwa saa tano za jua kamili kwa siku na ukitoa robo inayopotea kwa joto, vumbi na waya, inakupa 750. Kila siku unakula 610 zaidi ya unachoingiza, na betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina 1,280 tu. Siku mbili. Ndiyo maana inazima usiku wa pili, na betri haina kosa.

Zima inveta kila unapomaliza kuitumia, na simu zichaji kwa volti 12 moja kwa moja. Pengo linashuka hadi 250. Ongeza paneli ya wati 100, upate 375 nyengine, na hapo umelivuka pengo. Ukiifunga, iache sentimita tano kutoka kwenye paa upepo upite chini yake. Paneli iliyogandishwa juu ya paa hupata moto sana, na paneli ikipata moto hutoa kidogo. Wakati wa masika hesabu nusu ya hizo na uendeshe friji kwa adabu. Na usiegeshe chini ya mnazi kwa kutafuta kivuli. Kwanza hupati umeme, pili nazi moja inatosha kuivunja paneli.

Mazoea mengine ya zamani ni kusoma betri kwa volti. Betri ya maji ikionyesha 12.2 ulijua imebaki nusu. Lithiamu hukaa kwenye 13.1 au 13.2 muda mrefu bila ya kukuambia kitu, na ukiona imeshuka chini ya 12.8 ujue imebaki kidogo sana. Nunua kipimo kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, kile kinachofungwa kwenye waya wa hasi wa betri. Kontrola ya sola iwekwe kwenye mpango wa lithiamu, ichaji hadi 14.2 au 14.4, na ile hatua ya kusawazisha ya betri za maji izimwe kabisa. Usiunge betri hiyo na dinamo ya gari kwa waya mtupu: lithiamu inavuta umeme mwingi bila ya kuchoka, na dinamo inaungua. Katikati tia chaja maalumu inayotoka betri ya gari kwenda ya nyumba, ya ampea 20 au 30, yenye fyuzi pande zote mbili.

Na nakusihi, usichomeke kijumba hicho kwenye umeme wa ZECO, shirika letu la umeme la Zanzibar, mpaka nikione kibao cha chaja yake. Japani hutumia volti 100, sisi 230. Kama kibao kinasema 100 mpaka 240, badili plagi tu. Kama kinasema 100 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha au chaja mpya, na mimi naona chaja mpya ni bora kuliko kubeba transfoma yenye kilo zake. Soma na mzunguko pia, ule unaoandikwa Hz: huku kwetu ni 50, na Japani mashariki ni 50, magharibi 60. Transfoma haibadilishi mzunguko, na mota iliyotengenezewa 60 peke yake huweza kupata moto kwenye 50.

Ukungu ni jambo jepesi. Mtu mmoja akilala hutoa robo lita ya maji au zaidi kwa pumzi na jasho, na kila kilo ya gesi unayopikia hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji hewani. Kwenye kijumba cha zamani maji hayo yalitoka kwa nyufa. Huku yanashuka kupitia godoro mpaka kwenye ubao, na hapana upepo wa kuyakausha. Tia fito chini ya godoro liinuke sentimita nne au tano, na ulisimamishe kila asubuhi. Feni ya paa itoe hewa nje, na dirisha la upande wa pili, la chini, liwe wazi kiasi cha upana wa kiganja hata mvua ikinyesha. Ukungu uliopo ufute kwa siki, kaushe, na usipake rangi juu yake.

Kabla ya masika panda ukague paa. Usizibe kwa ile silikoni inayonuka siki, maana inakula bati na alumini, na baadaye hakuna kinachoshika juu yake. Usitoboe kuta pia: ndani ni povu, na maji yakiingia kwenye tundu la skurubu moja hutembea mbali. Kwa vile unakaa Jambiani na Makunduchi, penye upepo wa chumvi wa bahari, suuza chini ya gari kwa maji matamu kila wiki, na panapokutana chuma cha pua na alumini tia washa ya plastiki.

Gesi: badilisha regyuleta na mpira wake kwa pamoja viendane na mitungi ya huku, na jaribu maungio kwa povu la sabuni. Gesi ni nzito kuliko hewa, inakaa sakafuni, kwa hiyo tundu la chini la kabati ya mtungi lisizibwe na kitu.

Maji ya choo usimwage porini. Jiwe letu la matumbawe linapitisha, na kisima cha watu kiko karibu kuliko unavyodhani. Na kila shehia unayolala zaidi ya usiku mmoja, mfikie sheha ujitambulishe.

Nitumie picha ya kibao cha chaja na namba za mizani. Ukija huku Pemba kwa meli, bandari ya Mkoani, funga mtungi na umwambie mapema wakala wa meli kuwa una gesi, na umpe urefu wa gari kutoka chini hadi feni ya paa, si hadi paa. Mama yako anakusalimia sana.

Baba yako