Maswali ya Wasomaji: Mteja wa Kudumu Apunguziwe Kiasi Gani?

SWALI

Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 29, mkazi wa Tegeta, Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuosha magari kwa kuwafuata wateja majumbani. Nina guta, yaani pikipiki ya mizigo yenye magurudumu matatu, lililofungwa simtanki la lita 500, mashine ya presha, jenereta ndogo na mashine ya kunyonya vumbi, na ninaye msaidizi mmoja ambaye ninamlipa shilingi 3,000 kwa kila gari. Bei yangu ya kawaida kwa gari dogo, ndani na nje, ni shilingi 15,000. Nikijumlisha malipo ya msaidizi, petroli ya guta na ya jenereta shilingi 2,500, sabuni na vitambaa shilingi 1,000 na maji shilingi 500, gari moja hunigharimu shilingi 7,000.

Kabla ya mwaka huu nilikuwa nikiosha magari yapatayo 50 kwa mwezi na kubaki na karibu shilingi 400,000. Mwezi Julai 2025 nilianzisha utaratibu wa wateja wa kudumu: gari huoshwa mara moja kila wiki, na mteja hulipa shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani shilingi 10,000 kwa kila safari. Walijiandikisha wateja 22, nami nikawapangia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa ndizo siku ambazo magari yao yanakuwepo nyumbani. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, nimewakataa wateja wa mara moja kwa kukosa nafasi, na mwisho wa Agosti nilipohesabu nilikuta wateja hao 22 wameniachia shilingi 110,000 tu. Nilikosea wapi? Na mteja wa kudumu apunguziwe kiasi gani?

Muosha magari, Tegeta

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Nimeipitia hesabu yako mara mbili, na ninakupongeza kwanza kwa kuwa na hesabu ya kupitiwa, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi wanaoniandikia juu ya biashara zao hawawezi kusema kitu kimoja kinawagharimu kiasi gani. Takwimu ulizoziandika mwenyewe zinatosha kuonyesha kilichokupata.

Kwa bei ya shilingi 15,000 ulikuwa ukibaki na shilingi 8,000. Ulipoondoa shilingi 5,000 ulijiona umetoa theluthi moja ya bei, lakini petroli haikupungua, sabuni haikupungua, na msaidizi wako aliendelea kupokea shilingi zake 3,000. Punguzo lote likatoka katika zile 8,000 zilizokuwa zako, zikabaki 3,000. Mteja alipata nafuu ya theluthi moja. Wewe ulipoteza zaidi ya nusu ya pato lako. Ili upate kile ulichokuwa ukikipata kwa gari moja, sasa inakubidi uoshe karibu magari matatu, na bila shaka mgongo wako umekwisha kukueleza hivyo kabla yangu.

Kosa la pili limejificha katika kalenda. Ulidhani mwezi una wiki nne. Mwezi wenye wiki nne kamili ni Februari peke yake, tena usipokuwa mwaka mrefu. Agosti 2025 ulianza siku ya Ijumaa ukamalizika Jumapili, kwa hiyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, siku zako zote tatu za kazi, zilitokea mara tano kila moja. Uliosha magari 110 kwa fedha ya magari 88. Wateja 22 walikulipa jumla ya shilingi 880,000, gharama za magari 110 zikala shilingi 770,000, na hizo 110,000 ulizobaki nazo ni sawa na shilingi 1,000 kwa gari, chini ya alichopata msaidizi wako. Hakuna aliyekuibia. Wateja walidai walichoahidiwa, yaani gari kuoshwa kila wiki.

Tangu sasa, usikadirie bei ya mwezi kwa kuzidisha mara nne. Mwaka una wiki 52. Zidisha bei ya safari moja kwa 52, kisha gawanya kwa 12, nawe utapata kiasi ambacho mteja anaweza kulipa kila mwezi bila kubadilika, iwe ni mwezi wa safari nne au wa safari tano. Uangalifu huo huo unahitajika kwa mteja anayetaka uje mara chache zaidi: "mara mbili kwa mwezi" ni safari 24 kwa mwaka, ilhali "kila baada ya wiki mbili" ni safari 26. Maneno hayo yanafanana mdomoni, lakini yanatofautiana kwa safari mbili ambazo utazifanya bure iwapo hukuyapambanua siku ya makubaliano.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Mteja wa kudumu anastahili kupunguziwa, lakini si kwa sababu ni mwaminifu, wala kwa sababu mwenzako wa mtaa wa pili anapunguza. Anastahili kwa sababu gari lake lina kazi ndogo, na anastahili kwa kadiri ya udogo wa kazi hiyo tu. Gari lililooshwa Jumamosi iliyopita lina vumbi. Gari lililokaa miezi miwili lina historia: mchanga wa ufukweni umeingia katika kapeti, maganda ya karanga yamejibana chini ya kiti cha mtoto, utomvu wa mwembe umekauka juu ya boneti, na kinyesi cha ndege kimepikwa na jua hata kikaanza kula rangi. La kwanza linaisha kwa maji, sabuni na kitambaa safi, ilhali la pili linataka kulowekwa, kusuguliwa na kurudiwa. Chukua saa, upime magari kumi ya kila aina, kisha uandike dakika. Tofauti utakayoiona ndiyo msingi wa punguzo lako, na hakuna mshauri anayeweza kuikisia kwa niaba yako.

Hata hivyo, dakika zilizookolewa hazigeuki kuwa fedha zenyewe kwa zenyewe. Ukimaliza gari la Mbezi Beach dakika 20 mapema, kisha ukazitumia dakika hizo katika foleni ukielekea Sinza, hujaokoa chochote. Muda huo una thamani pale tu gari linalofuata liko jirani. Kwa hiyo, kabla ya kugusa bei, panga upya njia zako: Ijumaa iwe ya mtaa mmoja, Jumamosi ya mwingine, na mteja anayetaka siku isiyo ya mtaa wake aambiwe kwa upole kwamba siku hiyo bei yake ni ya mteja wa mara moja. Nyumba zenye magari mawili au matatu ndani ya geti moja ndizo dhahabu ya kazi yako, maana guta linasimama mara moja na jenereta linawashwa mara moja. Kama kuna mteja wa kumbembeleza, ni huyo.

Tuseme umefanya hivyo, na kwa gari la kila wiki petroli imeshuka hadi shilingi 1,500, sabuni na vitambaa hadi 700, na maji hadi 300. Malipo ya msaidizi nimeyaacha palepale kwa makusudi. Najua wapo wanaosema kwamba kwa kuwa kazi imekuwa nyepesi naye apunguziwe. Mimi siafiki, kwa sababu huyo ndiye anayeshika funguo za watu na kuingia katika nyua zao, na kumnyima shilingi 1,000 ni akiba ya gharama kubwa. Basi gharama yako mpya ni shilingi 5,500 badala ya 7,000. Umeokoa 1,500. Ukiongeza kidogo kutoka mfukoni mwako kwa ajili ya uhakika wa kazi, unaweza kumpunguzia mteja shilingi 2,000, bei ikawa 13,000 na wewe ukabaki na 7,500. Mara 52, gawanya kwa 12, bei ya mwezi inakuwa shilingi 56,333, ambayo ningeiandika 56,500. Anayeoshewa kila baada ya wiki mbili gari lake limechafuka zaidi, hivyo mpunguzie shilingi 1,000 tu: shilingi 14,000 mara 26, ambayo ni kama 30,500 kwa mwezi. Anayekuita mara moja kwa mwezi alipe bei kamili. Ni mteja mzuri, lakini gari lake halikupunguzii kazi.

Utaniambia kwamba kutoka 40,000 hadi 56,500 ni mruko mkubwa na wateja watakimbia. Baadhi watakimbia kweli. Lakini tazama: wakiondoka 10 na kubaki 12, utaosha wastani wa magari 52 kwa mwezi, utabaki na shilingi 390,000, na karibu nusu ya nafasi zako za mwisho wa wiki zitakuwa wazi kwa wale wa shilingi 15,000 uliokuwa ukiwakataa. Hao 10 walikuwa wakikuchosha kwa faida ndogo mno.

Ongezeko hilo lisitangazwe getini siku ya kazi, ukiwa umeshika ndoo. Wape notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, kwa ujumbe mfupi usio na malalamiko, kwa mfano: "Shikamoo mzee. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, huduma ya kuosha gari kila wiki itakuwa shilingi 56,500 kwa mwezi, safari 52 kwa mwaka. Kwa atakayependa kila baada ya wiki mbili ni shilingi 30,500. Nashukuru kwa kuniamini." Usieleze bei ya petroli wala masaibu yako, mteja akitaka kujua sababu atauliza, nawe utakuwa na daftari.

Katika makubaliano hayo taja pia kinachoingia na kisichoingia. Huduma ya kawaida iwe kuosha bodi na ringi, kusafisha vioo, kufuta dashibodi na kunyonya vumbi. Kuosha viti kwa sabuni, kusafisha injini na kupiga polishi ni kazi nyingine zenye bei nyingine, hata kama mteja ni rafiki. Pia bei hizi ni za magari ya ukubwa wa Vitz na IST. Noah ina paa refu na viti vya safu tatu, na Prado inataka ngazi, kwa hiyo panga madaraja matatu ya ukubwa na uyafuate kwa kila mtu. Usipange bei kwa kutazama urefu wa ukuta wa nyumba; walinzi wa mtaa mmoja huzungumza, na siku watakapolinganisha bei, jina lako litaharibika kabla ya jua kuzama.

Limebaki suala la mvua. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, utapigiwa simu usije kwa kuwa gari litachafuka tena. Weka kanuni mapema: safari inaweza kusogezwa ndani ya siku saba, au ikageuzwa kuwa usafi wa ndani chini ya kibaraza, lakini haidaiwi mwezi unaofuata. Na gari lililokaa zaidi ya siku 21 bila kuoshwa kwa matakwa ya mwenyewe lilipiwe nyongeza ya shilingi 2,000 siku litakaporudi, kwa maana halina tena sifa iliyolipatia punguzo.

Mwisho, ukilipwa fedha ya mwezi mzima mapema kwa simu, itenge. Ile ya wiki ambazo hujaziosha bado ni deni, na mashine ya presha ikiharibika wiki ya pili utalazimika kuirudisha.

SWALI

Mshauri wetu, hujambo? Mimi ni mama wa nyumbani, Nyali, Mombasa. Kijana anayeniosha gari kila wiki ananitoza bei ileile anayomtoza mtu wa mara moja, na sasa anaomba nimlipe mwezi mzima kabla ya kazi. Je, ni haki?

Mteja, Nyali

JIBU

Sijambo, mama. Malipo ya kabla si kosa, lakini ni faida kwake, na faida hiyo ina bei. Anza na wiki mbili badala ya mwezi, na mkiendelea vizuri mwongezee. Kuhusu punguzo, usiombe tu. Mpe kitu kitakachompunguzia kazi. Mwekee siku moja isiyobadilika, gari liwe kivulini ili sabuni isikaukie juu ya rangi, na umtafutie jirani mmoja aoshewe siku hiyohiyo. Hapo atakuwa na sababu ya kushusha bei bila kujiumiza.

Ukimpa maji yako, mwambie yanatoka wapi. Maji ya bomba yatampunguzia gharama kweli. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi ya pwani yetu, huacha madoa meupe juu ya vioo na rangi yanapokauka, naye atalazimika kufuta upya kwa maji yasiyo na chumvi aliyokuja nayo, kwa hiyo hayo usiyahesabu kama msaada. Na kwa kuwa unaishi karibu na bahari, kabla hamjazungumza punguzo lolote, mwulize kama bei anayokutoza inajumuisha kusuuza chini ya gari, mahali ambapo kutu huanzia. Kama inajumuisha, huenda bei hiyo si kubwa kama unavyoiona.