Usimuulize mgonjwa "una chuma mwilini?"

Mnaoanza mafunzo kwa vitendo kwenye chumba cha MRI, ile mashine ya smaku inayopiga picha za ndani ya mwili, hapa Mwanza, karibuni. Mashine yenyewe mtaizoea; mipangilio imo kwenye kompyuta na wakubwa wenu wapo. Mimi naongelea benchi la nje wanakosubiri wagonjwa, maana kipimo kikiharibika, mara nyingi kimeanzia kuharibikia pale.

Mgonjwa wetu wa kawaida ametoka mbali. Amevuka na kivuko kutoka Ukerewe, au amepanda basi la alfajiri Geita. Mkononi ana karatasi ya daktari, na njiani ameshaambiwa kwamba anakwenda kuingizwa kwenye jeneza lenye mionzi. Halafu unatokea wewe na fomu: "Una chuma chochote mwilini?" Anasema hana. Wala hakudanganyi. Kwake yeye chuma ni nondo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimuuliza mzee mmoja hivyo hivyo, akakataa, nikatiki. Saa alivua, mkanda alivua, gauni la hospitali alivaa. Tulipokaribia kitanda cha mashine akasimama ghafla na kujishika kiuno: "Kijana, kuna kitu kinanivuta." Ilikuwa hirizi, na ndani yake umeshonewa wembe. Hakuumia. Aliyelowa jasho ni mimi.

Muelewe kwamba smaku ile haizimwi tukifunga ofisi. Mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya smaku) ina nguvu kama mara 30,000 ya usumaku wa dunia, na inavuta usiku kucha hata kama hakuna mgonjwa. Mwaka 2001 huko New York mtoto wa miaka 6 alikufa kwa sababu mtungi wa oksijeni uliingizwa chumbani naye akiwa ndani ya mashine. Mtungi ukaruka.

Kwa hiyo muulize mtu maisha yake. Umewahi kupasuliwa? Umewahi kuvunjika wakakuwekea vyuma? Una kifaa cha kusaidia moyo? Umewahi kuchomelea au kukata vyuma, kipande kikakurukia jichoni? Swali hili la mwisho msilipite haraka, mafundi wa gereji na wa kuchomelea mageti tunao wengi. Kachembe kaliko jichoni kwa miaka kanaweza kusogea na kumharibia mtu jicho, ndiyo maana akisema ndiyo anapigwa kwanza eksrei ya macho. Vyuma vya mifupa vya titani havivutwi, ila vinachafua picha. Andika, kamuulize mkubwa wako. Habari ya lupu, yaani kitanzi cha uzazi wa mpango, muulize mama mkiwa wawili, siyo mbele ya mkwewe. Na hirizi iulizie kwa heshima: "Baba, kuna kinga yoyote umevaa?" Akiivua apewe ndugu yake aishike. Usiirushe mezani, wala usicheke.

Wigi, pini za nywele, simu, kadi ya benki: vyote vibaki nje.

Kumwambia mtu "usiogope" hakusaidii kitu. Mwambie kitakachotokea. Kama ni bibi anayesikia Kisukuma tu, "mwangaluka, mayu" inafungua mlango lakini haitoshi; mtafute mjukuu atafsiri mkiwa bado benchini. Mweleze kwamba hii siyo eksrei, inatumia smaku na mawimbi ya redio. Atalala bila kutikisika, nusu saa hivi kwa kichwa au mgongo, wakati mwingine zaidi. Aende haja ndogo kwanza. Mikono asiifumbate wala miguu asiikunje moja juu ya nyingine, maana ngozi ikigusana na ngozi mawimbi yale yanaweza kumuunguza. Vizibo vya masikio mvalishe mwenyewe, kisha mpe lile puto la kengele alibonyeze mara moja asikie linavyolia. Anayejua kwamba akiita ataitikiwa hutulia.

Jambo ambalo sikufundishwa chuoni ni ukimya. Kelele zile, kama mashine ya kusaga iliyokwama jiwe, huja kwa vipindi. Zikinyamaza, mgonjwa anadhani tumemaliza. Mama mmoja alinyanyua kichwa dakika ya ishirini na tano, amefurahi kweli, tukarudia picha karibu zote. Siku hizi nasema mapema: "Ikinyamaza bado hatujaisha. Mpaka nije mwenyewe nikushike mguu." Na nikiwa kwenye kompyuta, kila ikinyamaza nabonyeza maikrofoni namwambia bado ngapi.

Akitoka atakuangalia usoni. Wote huangalia. "Umeona nini, daktari?" Wewe siyo daktari, na majibu anayatoa daktari wa radiolojia akishasoma. Hilo mnalijua. Ila chungeni maneno. Niliwahi kumjibu dada mmoja, "Picha ni nzuri sana," nikiwa na maana kwamba hakutikisika, hazina ukungu. Nilipopita koridoni nikamkuta anampigia mama yake simu, analia kwa furaha, anasema wamempima hana kitu. Mimi nilikuwa nimeshaona uvimbe kwenye skrini. Nilisimama pale sijui niseme nini, mwishowe nikamwomba tu asiondoke mpaka aonane na daktari wake.

Sasa hivi nasema, "Umelala vizuri, picha zimetoka, atakayezisoma ni daktari," kisha namwonyesha dirisha la majibu na kumtajia siku ya kurudi.