Likoni hadi Taveta kwa pikipiki: panga safari kwa ardhi unayokanyaga

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari ya siku kadhaa kwa pikipiki kutoka hapa Mombasa huanza na kilomita. Mombasa hadi Voi ni takriban 160, Voi hadi Taveta ni kama 110. Wanajumlisha, wanagawa kwa mwendo wa 60 kwa saa, na tayari wameshafika. Kwa mtu atakayeshika barabara kuu mwanzo mwisho, hesabu hiyo haina ubaya. Lakini njia ninayoipenda mimi inavuka Likoni kwa feri, inapanda Kwale, inapita Kinango na kutokea Samburu kwenye barabara ya Nairobi, kisha Voi, Wundanyi, Mwatate na Taveta. Humo kuna lami, maramu (barabara ya changarawe isiyo na lami), mchanga, udongo mweusi na ukungu wa mlimani, na kila kimoja kinataka mwendo wake. Tenga siku nne. Ukipata tano, usizikatae.

Kwanza mvua, na uiulizie kule unakokwenda. Sisi wa pwani tunaijua masika, na mwezi wa Mei ndio unaotulowesha hasa. Upande wa Voi na Taita mambo ni mengine: mvua yao kubwa kwa kawaida ni ya vuli, Novemba na Desemba. Ndiyo maana mtu huondoka kisiwani Novemba jua likiwaka, akafika vilima vya Taita akakuta maramu yote imekuwa utelezi. Mimi napendelea Julai hadi Septemba, kusi likivuma na nchi imekauka. Januari na Februari pia ni kavu, ila joto la nyika ya Taru saa nane mchana linamchosha mtu na mashine pamoja. Na ikitangazwa El Niño, kama ile ya mwishoni mwa 2023, ahirisha tu. Mwaka ule barabara zilikatika hadi za lami.

Kipande cha Kinango hadi Samburu ndicho kinachohitaji akili zaidi, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Kazi ya lami upande huo imekuwa ikienda kwa vipande, na penye kazi pana njia za kupita kando ambazo wiki hii ziko kushoto, wiki ijayo kulia. Utatoka kwenye kipande laini, uingie kwenye maramu iliyojikunja kama mabati ya paa, halafu ghafla mchanga mwekundu uliochimbwa na magurudumu ya malori. Kwenye maramu iliyojikunja, mwendo wa polepole sana unatikisa kila kitu. Ukiongeza kidogo, tairi huanza kupita juu ya migongo na mtikisiko unapungua, lakini hapo breki nazo hazishiki sawasawa. Tafuta mwendo wa katikati, simama juu ya vikanyagio, magoti yakunje, mikono iwe myepesi. Anayeng'ang'ania usukani huchoka mabega kabla ya saa sita.

Mchanga una masharti yake. Ukiuona mbele, shusha gia mapema kabla hujaingia, peleka uzito nyuma, tazama mbali, na usikate petroli katikati. Gurudumu la mbele litacheza, liache licheze. Wanaoanguka mchangani wengi ni wale wanaotazama tairi ya mbele na kufunga breki. Punguza upepo pia: kama kawaida unajaza paundi 28, teremsha hadi 20 hivi. Usishuke sana chini ya hapo ikiwa tairi yako ina tyubu, maana tairi hujizungusha kwenye rimu na kung'oa vali. Bebeni pampu ya mkono, tena moja kwa kila pikipiki, kwa sababu mkifika lami ni lazima mrudishe upepo. Tairi laini kwenye lami moto huharibika upesi, na kona zake ni za hatari.

Udongo mweusi ukiwa mkavu ni mgumu, hauna shida. Ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Pita ukingoni kwenye nyasi, na uwe na kijiti cha kukwangulia. Nawajua wanaofungua madigadi ya mbele kabisa kabla ya kuingia, na nawaunga mkono.

Sasa makorongo. Siku nyingi ni makavu, unapita juu ya mchanga bila hata kufikiri. Lakini maji yake hayatoki hapo ulipo, yanatoka juu kulikonyesha, na yanaweza kukufikia wewe ukiwa chini ya jua kali. Safari moja tulisimama chini ya mwembe, hatua chache kabla ya korongo, nikamwamkia mzee aliyekuwa na mbuzi wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwaenda Samburu?"

"Ndiyo mzee. Twaweza kuvuka hapo?"

"Asubuhi yalikuwa hapa," akaonyesha chini ya goti. "Lakini tazama kule juu. Lile wingu limekaa tangu saa nne. Ngojeni."

Tukangoja. Haukupita muda mrefu, maji yakaja ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi na magome, yakajaza korongo lote. Jioni yalipopungua, tulivuka kwanza kwa miguu, mmoja mmoja, tukitafuta mawe na mashimo, ndipo tukaleta pikipiki. Huo ndio utaratibu wangu hadi leo: pale ambapo sijatembea, sipitishi pikipiki. Yakizidi goti, au yakiwa chini ya goti lakini yanavuta mguu, hapavukwi.

Jifunze pia kuuliza. Ukimuuliza mtu, "Barabara ni nzuri?" atakuambia ni nzuri, kwa adabu tu, hataki kukuvunja moyo. Uliza: "Jana kulinyesha?" "Matatu ya asubuhi imepita?" "Wewe mwenyewe umetoka huko leo?" Waulize hasa vijana wa boda boda waliotoka kule unakokwenda, na utazame tairi zao. Matope mabichi yanakupa jibu kamili.

Kutoka Samburu hadi Voi ni barabara kuu na malori yake ya mizigo. Hapo sina mengi: usiandamane na trela, jiandae na upepo wake inapokupita, na usiendeshe usiku.

Voi kuelekea Wundanyi, kupitia Mwatate, ni dunia nyingine. Unaacha mashamba ya mkonge, unapanda kona kwa kona, na joto linabaki chini. Kilele cha Vuria kina mita 2,208, na asubuhi ukungu hushuka hadi barabarani. Beba sweta, si utani, vidole vilivyoganda havikamati klachi sawasawa. Ukiteremka tumia gia ndogo, injini ikuzuie, breki zibaki baridi. Njia za maramu huko juu zina udongo mwekundu unaoteleza hata kwa umande, kwa hivyo ngoja jua lipande kidogo ndipo uondoke.

Mwatate hadi Taveta sasa ni lami nzuri, na uzuri wenyewe ndio unaowaponza watu. Baada ya Maktau barabara inapita ndani ya Tsavo Magharibi, na tembo wanavuka. Pita mchana. Ukiwaona, simama mbali, usipige honi, wape nafasi hata kama ni nusu saa. Barabara hii ni ya umma, lakini njia za ndani ya mbuga haziruhusiwi kwa pikipiki, kwa hivyo usijaribu kukata mkato. Jaza petroli Mwatate, usingoje Taveta. Asubuhi yenye anga safi utamwona Kilimanjaro na theluji yake.

Kila jioni, kabla ya chakula, nawasha tochi na kupita spoki moja moja kwa vidole. Iliyolegea inajulikana kwa mlio. Kisha naifuta cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa sababu cheni iliyojaa oili hukusanya mchanga na kula sproketi. Mwisho ni skrubu za keria, ambazo maramu huzilegeza kuliko kitu chochote. Beba waya ya klachi ya ziada, tyubu mbili, na spana zinazoingia kwenye nati za pikipiki yako mwenyewe. Mafundi wako Kinango, Voi na Taveta, ila vipuri vya pikipiki kubwa hutavipata huko.

Kurudi, Taveta hadi Mombasa kwa siku moja inawezekana ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi hulala Voi tena, nikashuka kesho yake mapema, maana kuanzia Mariakani kuingia mjini alasiri malori hujipanga foleni, na mtu aliyechoka hapaswi kupenya katikati yake.