Ganzi ya Miguu Baada ya Kisukari cha Ujauzito: Maswali Yenu

Nina wiki tano tangu nijifungue. Kisukari kilianza mimba ikiwa na miezi saba. Sasa paja la kulia, upande wa nje, limekufa ganzi, hata dera likigusa linanichoma. Kisukari kimeshaniharibu neva?

Hongera kwa mtoto, dada, na pole. Kwa maelezo yako, si kisukari. Sukari huharibu neva polepole, kwa miaka, na huanza na zile ndefu kuliko zote, zinazofika vidoleni. Ndiyo maana ganzi yake huanzia kwenye vidole na nyayo za miguu yote miwili, kisha hupanda kana kwamba mtu anavaa soksi.

Ya kwako iko paja moja, upande mmoja. Eneo hilo linahudumiwa na neva nyembamba inayopita kinenani, karibu kabisa na ule mfupa wa nyonga unaochomoza kwa mbele. Tumbo kubwa huibana, na kukaa muda mrefu umekunja mapaja wakati wa kusukuma huibana zaidi. Ni neva ya hisia tu, haiendeshi msuli wowote, kwa hiyo mguu unabaki na nguvu zake. Mara nyingi hupona yenyewe katika wiki au miezi michache. Kinachoichelewesha ni kujifunga mkanda au kanga kwa nguvu ili tumbo lirudi. Tafadhali legeza.

Mimi ni nyayo zote mbili. Zinawaka moto usiku, na mtoto ana miezi minne. Nilipotoka wodini niliambiwa kisukari kimeisha.

Walikupima vipi? Kondo likishatoka, sukari ya wengi hushuka haraka, kwa hiyo kipimo cha kuchomwa kidole wodini hakitoshi kusema kisukari kimekwisha. Kipimo chenyewe hufanywa kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua. Unalala bila kula kwa saa 8 au zaidi, unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji, unamaliza ndani ya dakika 5, kisha unakaa umetulia bila kula chochote. Baada ya saa 2 unatolewa damu tena. Ukipata milimoli 7.0 kwa lita (mmol/L) au zaidi kabla ya kunywa, au 11.1 au zaidi baada ya saa 2, hicho ni kisukari. Kati ya 7.8 na 11.0 baada ya saa 2, sukari imeanza kupanda na inahitaji kufuatiliwa. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kinaweza kudanganya mapema baada ya uzazi, kwa sababu ya damu iliyopotea, na kwa mwenye selimundu hakiaminiki.

Hujachelewa, nenda wiki hii. Kikionekana kisukari pamoja na nyayo kuwaka, huenda kilikuwepo kabla ya mimba bila wewe kujua. Wengi hupimwa sukari kwa mara ya kwanza maishani wakiwa kliniki ya wajawazito.

Sukari ikiwa sawa, mweleze daktari dawa zote unazotumia. Metformini ya muda mrefu hupunguza vitamini B12 mwilini, na isoniazidi ya kifua kikuu, hata ile ya kinga, huchoma nyayo hivyo hivyo ikimezwa bila B6. VVU, tezi ya thairoidi, pombe, na kukosa nyama, samaki, mayai na maziwa kwa muda mrefu navyo viangaliwe. Omba pia upimwe nyayo: unafumba macho, mpimaji anakugusa kwa uzi wa nailoni mpaka uzi ujipinde, na kila ukihisi unasema ndiyo. Kipimo hicho huchukua dakika chache tu.

Hata majibu yakiwa mazuri, rudia kupima sukari kila mwaka. Aliyepata kisukari cha mimba yuko kwenye hatari mara 7 hadi 10 zaidi ya kupata kisukari cha kudumu.

Ninunue vidonge vya neva duka la dawa?

Usianze navyo. Vingi vina B6 miligramu 100 hadi 200 kwa kidonge, wakati mama anayenyonyesha anahitaji kama miligramu 2 kwa siku. B6 nyingi ikimezwa kwa miezi, yenyewe huleta ganzi.

Mama mkwe ananikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Miguuni silihisi vizuri joto lake.

Mwambie mama kwa heshima kabla hajaanza, maana hawezi kujua. Maji ayapime kwa kiwiko chake yeye, si kwa mguu wako. Yawe ya uvuguvugu. Usiote jiko la makaa, na kila jioni kagua nyayo kwa kioo, hasa katikati ya vidole. Ngozi isiyohisi huungua bila kukuamsha. Mguu mmoja ukiwa umevimba, usikandwe kabisa.

Nitajuaje kwamba ni jambo la kukimbilia hospitali?

Mguu mmoja ukivimba, ukapata joto na kuuma kwenye shavu la mguu, huenda ni damu iliyoganda. Nenda siku hiyo hiyo, na ukiishiwa pumzi usisubiri hata saa moja. Ganzi ya sehemu za siri na makalio, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, ni dharura, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo homa na maumivu makali ya mgongo kwa aliyechomwa sindano ya mgongoni.

Jaribu pia kutembea hatua kumi kwa visigino, ukishika ukuta. Ikiwa unyayo mmoja unaanguka na kuburuta, neva ya pembeni ya goti huenda ilibanwa ulipokuwa umeshikilia magoti wakati wa kusukuma. Muone daktari ndani ya siku chache, uanze mazoezi ya viungo kabla kifundo hakijakakamaa.