Barua kwa Mwanangu: Chagueni Bahari Kabla ya Hoteli

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini. Unasema kwamba mwezi wa Desemba, shule zikishafungwa, wewe na Baba Salma mnakusudia kushuka kutoka Dodoma kwenda kupumzika kisiwani siku tano, pamoja na watoto, Salma na Idrisa, na mama mkwe wako, na kwamba hapo nyumbani kila mmoja ana lake: Baba Salma anataka Paje kwa ajili ya ule mchezo wa kuteleza majini kwa tiara, Salma ameona picha ya hoteli yenye bwawa huko Kiwengwa, mwenzako wa kazini amekusifia Mafia, na mama mkwe amesema yeye atalala popote atakapopelekwa. Umeniuliza mkae wapi. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu fedha mtakazotumia mmezitolea jasho, na kwa sababu huyo aliyesema atalala popote ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko wote.

Rai yangu ni kwamba mkae kaskazini mwa Unguja, Kendwa, au Nungwi upande wa magharibi, kisha usiku wa mwisho mlale mjini Unguja karibu na bandari.

Watu wengi wanapotafuta pa kufikia huanza na hoteli. Hutazama picha za vitanda, huuliza bei na kifungua kinywa, na bahari huichukulia kuwa ni ile ile kila mahali. Mimi nimezaliwa Makunduchi, nimekulia kwenye maji yale, na ninakuomba uanze na bahari, hoteli ifuate. Mwambao wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa na Pongwe, mpaka Bwejuu, Paje, Jambiani na kwetu Makunduchi, umekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuo, na baina ya mwamba na mchanga mweupe pametandaa uwanda mpana wa maji haba. Maji yakijaa, hakuna bahari nzuri kuishinda ile. Maji yakipwa, uwanda wote hubaki wazi au hubaki na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na anayetaka kuogelea itambidi atembee mwendo mrefu kuyafuata. Picha aliyoiona Salma ilipigwa maji yakiwa yamejaa, kama zinavyopigwa karibu picha zote za upande ule.

Jambo hili lina saa zake, nazo zinajulikana. Bamvua, yaani siku za maji kujaa sana na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne. Katika bahari yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kwenye saa kumi alasiri. Yaani ule wakati ambao Idrisa atakuwa ameshakunywa chai na anamvuta baba yake mkono waende wakaoge, ndio wakati ambao bahari ya Kiwengwa itakuwa mbali na macho yake. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti huwa ndogo, na maji hujaa asubuhi. Baina ya hali hizo mbili, saa za kujaa husogea mbele kila siku kwa dakika zipatazo 50. Huhitaji mtaalamu wa kukupigia hesabu hiyo: itazame kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani kwako, ujue kwamba tarehe mosi na tarehe 15, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, na kwamba siku zinazozunguka tarehe 8 na tarehe 23 ni maji mafu.

Sisemi kwamba maji kupwa ni hasara. Kwa mtu mzima aliye na muda, ndiyo saa ya kuiona pwani ikifanya kazi. Jambiani na Paje wanawake hushuka na kamba zao, hukaa ndani ya maji ya magotini wakifunga vichane vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba iliyofungwa kati ya vijiti viwili, mgongo umepinda na kanga imekazwa kiunoni, na maji yakianza kurudi hawana muda wa kuongeza hata kimoja. Ningependa sana Salma aione kazi hiyo kwa macho yake, kwa kuwa bibi zake wameifanya. Lakini Idrisa ana miaka minne, na uwanda ule una mawe makali na viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia mguuni, na hakuna mtoto wa umri wake atakayevaa viatu vya mpira kutwa bila kuvivua.

Kisha kuna upepo. Desemba ndipo kaskazi inapoingia, nayo huvuma kutoka kaskazini mashariki, ikaupiga moja kwa moja mwambao ule wa mashariki na kuleta mawimbi na majani ya baharini ufuoni. Huo ndio upepo anaoutafuta Baba Salma, na kwa mchezo wake ana haki kabisa ya kuipenda Paje. Ila mahali panapofaa tiara ndipo pasipofaa watoto wadogo, maana kamba za tiara hukatiza juu ya maji yale yale wanayochezea. Kendwa inatazama magharibi, imeupa upepo huo mgongo, na ufuo wake unateremka moja kwa moja kwenye kina, hivi kwamba maji yawe yamejaa au yamekupwa, mtu anaogelea. Asubuhi anaogelea, jioni anaogelea. Kwa kuwa kina kiko karibu, mtoto asiachwe peke yake hata dakika moja, na hilo nalisema kwako na kwa baba yake kwa pamoja.

Mwambie Baba Salma kwamba sijamnyima Paje. Siku moja mchukue gari mapema, mpitie msitu wa Jozani watoto wakawaone kima punju, ambao asili yao duniani kote ni Unguja tu, kisha mfike Paje yeye acheze na tiara yake huku ninyi mkikaa kivulini. Ni safari ya muda wa saa mbili au zaidi kutoka kaskazini, kwa hiyo mama mkwe asilazimishwe kuwamo ikiwa amechoka.

Sasa nije kwa mama mkwe wako. Magoti yake unayajua, na sukari yake unaijua. Yeye ni mtu mwenye stara na haya, hatakuambia kwamba ngazi zimemshinda, wala hataamka usiku kumgongea mwanawe mlango. Kwa hiyo chumba chake kiwe chini, kisiwe ghorofani hata kama cha juu kina upepo mzuri, na kiwe na choo na bafu lake mwenyewe. Usimlaze na watoto kwa kusema kwamba watoto wanampenda. Wanampenda, lakini naye anahitaji kuswali na kulala bila mtu kumruka kichwani. Ukipiga simu hotelini, usiulize tu kama kuna chumba cha familia, maana kwa wengi wao maana yake ni kitanda kikubwa na vitanda viwili vya kukunja vilivyobanwa ukutani. Uliza kama kuna vyumba viwili vinavyopakana, uliza bafu lina kizingiti cha urefu gani na sakafu yake inateleza au haitelezi, na uombe wakutumie picha ya bafu lenyewe iliyopigwa siku hiyo. Mtu anayeendesha nyumba yake vizuri hatachukizwa na ombi hilo.

Dawa yake ya kuchoma inataka ubaridi. Hakikisha chumbani mna jokofu na kwamba hoteli ina jenereta. Unguja inapata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka upande wetu huu wa bara, na njia hiyo ilipoharibika Desemba 2009 kisiwa kilikaa bila umeme huo mpaka Machi 2010. Waya mpya umeshatandikwa tangu wakati huo, lakini umeme kukatika kwa saa kadhaa ni jambo la kawaida huko kama lilivyo kwetu, na hoteli nzuri hukwambia bila kusita jenereta yao inawasha nini na nini. Kwa matibabu, Hospitali ya Kivunge iko huko huko Mkoa wa Kaskazini, na Mnazi Mmoja iko mjini.

Kendwa na Nungwi zina kasoro moja kubwa, nayo ni kelele. Kuna baa za ufuoni zinazopiga muziki mpaka usiku mkubwa, na Kendwa ina sherehe maarufu ya mwezi mpevu. Itafute hoteli kwenye ramani, upime umbali wake na baa za jirani, kisha uwaulize wenyewe, kwa maneno ya wazi, muziki unapigwa siku gani na unazimwa saa ngapi. Mkipata mahali palipo kati ya vijiji hivyo viwili, mbali kidogo na zogo, mtakuwa mmepata pazuri kuliko wengi. Watoto mkiwa na nafasi wapelekeni Nungwi kwa mafundi wa majahazi, ambao bado wanachonga mbao na kuziba nyufa kwa kalafati kama walivyofanya babu zao, na Mnarani wakawaone kasa. Mkiingia kijijini vaeni nguo za heshima, hilo najua sihitaji kukufundisha.

Kuhusu bwawa la Salma: likiwepo, uliza kina chake na kama lina sehemu ya watoto. Lisipokuwepo, Kendwa haina haja nalo.

Bei ziulize kwa uangalifu. Hoteli nyingi za kule hutaja bei kwa dola, na nyingi hutaja bei ya kila mtu badala ya bei ya chumba, jambo ambalo kwa familia ya watu watano linabadilisha hesabu yote. Uliza kama kodi na tozo zimo ndani. Uliza bei ya mkazi, kwa sababu zipo hoteli zenye bei nafuu kwa Watanzania ambazo hazikutajii mpaka uulize, na mchukue vitambulisho vyenu vya NIDA. Wiki ya Krismasi na mwaka mpya bei hupanda kuliko wakati wowote, kwa hiyo mkiweza kwenda mapema mwezi huo, nendeni. Kwa nyumba za kupanga zenye jiko, ambazo umesema zingewapunguzia gharama, mimi sizikatai, ila jiulize ni nani atakayepika. Ukiwa ni wewe, basi utakuwa umehamisha jiko la Dodoma ukalipeleka Nungwi, na mapumziko yatakuwa ya wengine wote isipokuwa yako. Chukua mahali penye kifungua kinywa na chakula cha usiku. Na usitume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi kwa ajili ya nyumba ambayo hakuna ndugu yetu aliyeiona.

Mafia ni kisiwa ninachokipenda, na hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza Tanzania Bara. Desemba ni wakati wa papa shilingi, yule samaki mkubwa mwenye madoadoa asiyedhuru watu, karibu na Kilindoni. Lakini ndege ndogo kwa watu watano ni ghali, boti ya kutoka Nyamisati ni safari ya kuchosha kwa mtu mwenye magoti mabovu, na furaha ya kule iko zaidi kwa wazamiaji kuliko kwa mtoto wa miaka minne. Nendeni Idrisa akishajua kuogelea.

Usiku wa mwisho mjini una sababu mbili. Mtalala karibu na boti, wala hamtakimbizana na barabara alfajiri, na watoto watapata jioni moja ya Forodhani, wale urojo na mishikaki. Ila Mji Mkongwe una nyumba za ghorofa zenye ngazi za mbao zilizosimama wima, vipandio vyembamba, na mahali pengine pa kushikia ni kamba tu, na gari haliingii vichochoroni. Nyumba nyingi za wageni ziko hivyo. Kwa ajili ya mama mkwe tafuta hoteli iliyo kandokando ya barabara, Malindi au Shangani, yenye chumba cha chini au lifti, hata kama haina milango ya nakshi.

Mkishuka kwa treni kutoka Dodoma mlale kwangu, muondoke na boti ya asubuhi, kwa sababu bahari huwa tulivu zaidi kabla upepo haujapanda. Mama mkwe akae chini, katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo.

Umeniuliza pia kama nitafuatana nanyi. Nitakuja kuwapokea mjini usiku ule wa mwisho nikitokea Makunduchi, siku zile nyingine ni zenu. Nitajie tarehe mnazozifikiria ili nizitazame na mwezi, na ukishapata hoteli mbili tatu za Kendwa niandikie majina yake. Mjomba wako Haji bado anauza samaki kule karibu kila siku, nitamwomba apite akavione vyumba vya chini na bafu zake kabla hujalipa hata shilingi.

Wasalimie Baba Salma, watoto, na umpe mama mkwe wako salamu zangu za pekee.

Mama yako